Duka la mzee wa koroboi, Makoroboi, Mwanza: nilifuata kigoda, nikarudi na kiota

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana kwa sababu ya mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye mkoba wangu, nitafika huko.

Nilikuwa natafuta kigoda. Mdogo wangu anaolewa Sengerema mwezi ujao na mama ameshasema hataki kuona plastiki kwenye zawadi. Jirani yangu hapa Igoma akanielekeza: shuka mjini, ingia Makoroboi, wapite wauza viatu vya mtumba, ukifika mahali njia imebanwa na jiwe mpaka unapita ubavu-ubavu, ndipo hapo. Bango hakuna. Duka lenyewe ni mabati yaliyoegemezwa kwenye jiwe, kwa hiyo ukuta wa nyuma ni mlima. Mvua ikinyesha maji yanashuka ukutani, na mzee ameyatengenezea kamfereji yapite katikati ya duka yatokee mlangoni. Mteja unaruka.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Tazama kwanza, bei baadaye."

Nikatazama. Vibuyu vilivyoshonwa nyufa zake kwa waya, unaona mshono kama wa kidonda kilichopona. Vipande vya chupa vilivyolambwa na mawimbi mpaka vikapoteza makali, vimepangwa kwenye ungo kama peremende. Makombe ya ziwani, nje yana rangi ya tope, ukiyageuza ndani yanang'aa waridi, kijani, fedha. Darasani huwa nawaambia watoto kwamba pale hakuna rangi yoyote iliyopakwa, ni tabaka nyembamba mno zinazoupasua mwanga. Ila kusema ubaoni ni kitu kimoja, na kulishika kombe la shilingi mia tano ukilizungusha dirishani ni kingine. Nilinunua sita. Sijui ya nini.

Koroboi ndizo zenyewe. Wenyeji wanasema mtaa ulipata jina kutokana na mafundi waliokaa chini ya mawe haya wakigeuza makopo kuwa taa, na mzee ni katika wachache waliobaki na mkono huo. Niliyoichagua imetokana na kopo la nyanya. Nyanya bado ipo, nyekundu, upande mmoja, na fundi ameuzungusha mshono makusudi ili asiikate picha. Mkono wa kushikia ni kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake mara mbili kisikate kidole. Mdomo wa utambi ni bomba jembamba, amelivingirisha kwenye msumari kisha akalehemu. Utambi ni pamba, na hapa Usukumani ungetegemea nini kingine. Elfu tatu. Umeme upo nyumbani, lakini nimezaliwa kwenye nyumba ya koroboi, nimesomea darasa la saba kwa moshi wake, asubuhi unapenga kamasi nyeusi. Sijawahi kuiona kama kitu kizuri mpaka Jumamosi ile.

Sasa malalamiko. Nilijaza mafuta palepale nijaribu, ikawaka vizuri, nikazima nikaitia mkobani. Kufika Igoma, daftari za wanafunzi thelathini na mbili zinanuka taa. Mshono wa chini ulikuwa na tundu. Nilirudi kesho yake nimevimba. Mzee hakubisha. Aliinusa, akakwangua sabuni ya mche kwa ukucha, akaiziba kwa muda huku akipasha chuma chake motoni, akamwaga mafuta yote, akaikausha juani, ndipo akalehemu upya. Nusu saa nzima, bure. Daftari lakini hazikulipwa, na nyota haijarudi.

Hiyo nusu saa ndiyo iliyonitia kwenye gharama. Nikiwa nimekaa nasubiri, nikainua macho nikaona taa inaning'inia, mwanga wake unatawanya vivuli vya nyuzinyuzi juu ya jiwe lote. Nikasogea. Kiota cha mnana! Kiota halisi, amekipindua kidogo na kutia balbu ya LED ndani (ya zamani ingekiunguza, nilimuuliza). Anasema haviibi mtini, anaokota vilivyoangushwa na upepo kule kwenye matete ya ziwani.

Nilikishusha nikakikagua kama mkaguzi wa elimu. Kila ujani umechanwa mwembamba kama uzi, umepita juu, chini, umerudi, umefungwa fundo. Fundo kweli, la mdomo. Dume huanza kwa pete moja tu kwenye kitawi, anasimama humo na kufuma kumzunguka, kwa hiyo upana wa chumba unafuata pale mdomo wake unapofika. Mjenzi mwenyewe ndiye futi kamba. Akimaliza anajinyonganyonga mlangoni akimwita jike. Jike anaingia, anavutavuta majani, asiporidhika anaondoka zake. Majani yakishakauka bila mpangaji, dume anabomoa na kuanza upya. Nilimsimulia mzee haya, akaacha kulehemu, akasema, "Kumbe na yeye wateja wanamrudishia." Nikanyamaza.

Elfu kumi na mbili. Nimebishana mpaka elfu kumi, kisha hakuwa na chenji, ikarudi elfu kumi na mbili. Hapokei malipo ya simu. Nendeni na noti ndogo na mfuko wenu, maana anafunga kwa gazeti na gazeti likiisha limeisha.

Jambo moja msiulizie bei kama nilivyoaibika mimi. Ukutani, pale kwenye jiwe, kuna mjusi: kichwa na mabega waridi ya kuiva, kiwiliwili na mkia bluu, anapiga pushapu kama askari kuruta. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu, na dume akiogopa rangi inafifia, kwa hiyo msimtupie mawe mkitaka kumpiga picha nzuri. Jiwe analokalia ni la zamani kuliko yote tunayoyajua hapa, miaka zaidi ya bilioni 2.5. Ziwa lenyewe ni la juzi mbele yake, lilishawahi kukauka kama miaka 15,000 iliyopita, mawe yakiwepo. Mtoto wangu alitaka mjusi afungwe kwenye kopo. Mzee akamwambia, "Huyo ndiye mwenye nyumba, mimi napanga."

Kigoda kilikuwepo kimoja, kinayumba. Mama atanisamehe, bibi harusi nimemnunulia chupa ya chai.

Mkienda, fikeni kama saa nne, jua likiwa limeshapasha jiwe. Mapema zaidi mjusi hajatoka, na mzee naye hajafungua.