Muziki Mpya Ndani ya Celica ya Mwaka 1995: Vifaa Nilivyonunua na Kuvifunga Mwenyewe

Toyota Celica ninayoiendesha hapa Tabora ni ST202 ya mwaka 1995, ile yenye taa nne za mviringo mbele, na iliingia nchini ikiwa na redio yake ya Kijapani. Redio hiyo haikuwa mbovu. Ilitengenezwa tu kwa masafa ya FM ya Japani, ambayo wakati huo yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, ilhali stesheni zetu zimetawanyika kati ya 88 na 108, hivyo kwake kila iliyo juu ya 90 haikuwapo. Mwenye gari kabla yangu alikuwa amechomeka kwenye waya wa antena kile kijidude kinachoshusha masafa, na stesheni zikapatikana, ila kwa namba za uongo na kwa mkwaruzo usiokwisha. Niliamua kubadilisha mfumo wote na kuufunga kwa mikono yangu. Haya ni maoni yangu juu ya vifaa hivyo baada ya miezi mitano ya kuvitumia, pamoja na duka lililoniuzia.

Vyote vilitoka katika duka moja la Kariakoo, Dar es Salaam; nililipa kwa simu na mzigo nikaupokea stendi ya mabasi siku iliyofuata. Nilichukua redio ya DIN moja (saizi ya kawaida ya redio nyembamba ya gari) isiyo na tundu la CD kwa shilingi 230,000 (chapa siitaji, maana nitakayoyasema yanazihusu redio nyingi za daraja hilo), jozi ya spika za inchi sita na nusu zenye twita (vispika vya sauti nyembamba) za pembeni kwa 150,000, amplifaya ndogo ya chaneli mbili kwa 120,000, fremu ya kuzibia nafasi kwenye dashibodi, waya wa umeme wa mita sita pamoja na fyuzi yake, na adapta ya soketi za Toyota kwa 15,000. Nikiambiwa nibaki na kimoja tu kati ya hivyo, nitabaki na adapta.

Fremu haina maneno mengi. Tundu la redio katika Toyota za Kijapani lina upana wa milimita 200 na kimo cha 100, wakati redio ya DIN moja ina 180 kwa 50, kwa hiyo bila fremu redio mpya hucheza kama jino linalotaka kung'oka. Niliyoletewa ilikaa vizuri baada ya kupigwa msasa upande mmoja, na kisanduku kilichobaki chini yake kinatosha simu.

Habari ya adapta ni ndefu zaidi. Nyuma ya redio ya zamani ya Toyota kuna soketi mbili, moja ya pini kumi inayobeba umeme na spika za mbele, nyingine ya pini sita inayobeba spika za nyuma. Rangi za nyaya zake hazina maana sawa na rangi za redio za dukani. Kwenye redio ya dukani, waya wa njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukiwa kwenye ACC (hatua ya kuwasha redio bila injini), na mweusi ni ethi, yaani unaofungwa kwenye bodi. Kwenye Toyota, umeme wa kudumu uko kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, ACC ni waya wa kijivu na ethi ni wa kahawia. Wa njano na mweusi ni wa spika ya nyuma kushoto, na mwekundu ni wa spika ya nyuma kulia.

Mwaka juzi nilimpelekea fundi umeme wa gereji moja ya mjini redio niliyoazima kwa ndugu. Alizimenya nyaya nyuma ya soketi, akaunganisha njano kwa njano na nyeusi kwa nyeusi, na nilipomuuliza kama amepima, akanijibu, "Kaka, rangi ni rangi." Redio haikuwaka. Akautafuta umeme kwa taa ya kupimia, akaupata kwenye ule waya wa bluu na ule wa kijivu, akarudi kuunga upya. Lakini fundo la njano na fundo la nyeusi hakuyafungua, aliongeza tu waya mwingine juu ya kila moja. Redio ikawaka, tukapeana mikono, na kabla sijafika Kanyenye gari lilikuwa linanuka gundi inayoungua. Volti 12 za betri zilikuwa zinapita moja kwa moja kwenye koili ya spika ya ohmu nne. Hiyo ni ampea tatu hivi, mkondo mdogo mno wa kukata fyuzi, lakini ni wati 36 za joto tupu katika koili ambayo haisogei.

Adapta inamaliza mchezo huo. Upande mmoja unachomekwa kwenye soketi za gari, upande wa pili unaungana na nyaya za redio rangi kwa rangi, na kazi hiyo unaifanya mezani kabla hujaligusa gari. Hata hivyo sikuiamini kwa macho. Nilifungua hasi ya betri kwa spana namba 10 wakati wa kuunganisha, nikairudisha kwa ajili ya kupima, na mita ikaonyesha volti 12.4 kwenye waya wa njano muda wote, na 12.4 kwenye mwekundu ufunguo ukiwa ACC, sifuri ukitolewa. Viungio nilivifunika kwa mipira inayosinyaa kwa joto, kwa sababu tepu ya kawaida ya umeme, katika joto la Oktoba la hapa kwetu, gundi yake hugeuka uji na kuachia.

Fedha nyingi zilikwenda kwenye redio, lakini sauti imetoka mlangoni. Spika za zamani zilikuwa na koni za karatasi zilizopasuka, na ukingo wake wa sponji ulipukutika mkononi kama mkate wa juzi. Kuvua paneli ya mlango wa gari la miaka thelathini kunataka subira, maana plastiki imekauka. Katika klipu tisa za mlango wa dereva nilivunja tatu. Spika mpya zina sumaku ndefu kuliko za awali na zingegonga kioo kinaposhuka, hivyo zilihitaji pete za kuziinua. Duka lilinishauri pete za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Nilikataa, kwa kuwa ndani ya mlango maji hupita kila msimu wa mvua, na MDF ikilowa huvimba na kumong'onyoka. Seremala wa jirani hapa Isevya alinichongea pete mbili za mninga za unene wa milimita 18, kutoka kwenye mabaki ya kitanda, kwa shilingi 8,000. Mninga hausinyai wala haupindi ovyo, nasi tunaoishi katika mkoa wa mbao tungekuwa watu wa ajabu kuagiza unga wa mbao uliogandishwa kutoka Dar es Salaam. Nilizipaka vanishi mara mbili, na ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya paneli nikairudisha mahali pake, kwani ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani ya gari.

Kabla ya kufunga paneli niligusisha ncha za waya wa kila spika kwenye betri moja ya tochi ya volti 1.5. Koni ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ndio chanya ya spika. Ikivutwa ndani, nyaya zimegeuzwa. Ya kushoto ilitoka nje. Ya kulia ilivutwa ndani, kwa sababu mtu fulani zamani aliunga waya wa mlango ule kinyume. Kosa la namna hiyo halikati fyuzi wala halitoi moshi: spika moja husukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, besi inamezwa, na mwenye gari huenda kununua sabufa asiyoihitaji.

Redio imeandikwa usoni 50W x 4. Namba hiyo ni ya kilele cha kitambo kidogo, wala si nguvu ya kudumu. Injini ikiwaka gari hutoa volti 14.4 hivi, na kwa spika ya ohmu nne hesabu haivuki wati 26 za sauti safi. Kwa vitendo ni kama 20. Kwa gari tulivu zinatosha. Kwa Celica yenye injini ya 3S-GE na ekzosi ambayo si ya kiwandani hazitoshi, na ndiyo maana nikaongeza amplifaya kwa ajili ya spika za mbele.

Waya wa amplifaya hiyo ndio ulionikera. Ganda lake limeandikwa kuwa ni shaba tupu ya milimita za mraba 10. Nilipokwangua nyuzi chache kwa wembe, wekundu ulitoka kama rangi ya kucha na ndani pakawa peupe: ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba halisi. Nilituma picha dukani. Muuzaji alijibu kwamba wateja wote wanachukua huo huo, bosi, akakataa kurudisha fedha na kuniahidi punguzo la shilingi 10,000 siku nyingine. Nilinunua waya wa shaba katika duka la vifaa vya umeme hapa mjini, na fyuzi nikaiweka sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwani kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata.

Siku ya kwanza kulikuwa na mluzi uliopanda kila nilipokanyaga mafuta. Kosa lilikuwa langu: ethi ya amplifaya niliifunga kwenye bolti yenye rangi. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikauhamishia waya wa sauti upande wa pili wa gari, mbali na ule wa umeme, na mluzi ukanyamaza.

Sasa, katika barabara ya Nzega, vioo vikiwa vimefungwa, sauti ya mwimbaji inakaa katikati ya dashibodi, na besi ya chini ya hezi 80 nimeikata kwa kichujio cha redio ili spika zisihangaike. Maandishi ya redio hayasomeki jua la saa nane. Waya wake wa bluu wenye mstari mweupe huinua antena ya umeme hata ninaposikiliza flashi, hivyo nimeweka swichi ndogo chini ya usukani ya kuizuia, kwa kuwa mota yake imeshakula vumbi la kutosha. Duka la Kariakoo nitalirudia kwa spika na adapta. Waya nitanunua hapa hapa, wembe ukiwa mfukoni.