Nimerudia Spartacus yote na bado namkumbuka Batiatus kuliko steringi

Ni ile sirizi ya mtumwa anayepiganishwa uwanjani enzi za Roma ya kale mpaka anaongoza uasi. Mara ya kwanza nilikutana nayo 2012 kwa machinga wa stendi, DVD moja ya buku mbili ina sizoni nzima ya kwanza, picha ya giza na sabtaito za lugha sijui ya wapi ambazo hazitoki hata ubonyeze rimoti mpaka kidole kiume. Nikaangalia episodi mbili nikaiweka pembeni. Nilisema huu ni upuuzi, mtu akiguswa kidogo tu na upanga picha inaenda taratiiibu halafu damu inaruka kama mtu kamwaga jagi zima la juisi ya rosela, inajaa kioo cha TV, na yale mawingu nyuma yao unaona kabisa ni ya kompyuta. Ilirekodiwa New Zealand, Roma yenyewe haipo hata kipande, na zile episodi za mwanzo hazijisumbui kuficha.

Kaka yangu ndio alinirudisha. Akaniambia dogo acha ujuaji, vumilia mpaka ya tano ndio uje uongee na mimi.

Ya tano ndio ile Spartacus na mpiganaji mwenzake Crixus, watu ambao hawapikiki chungu kimoja, wanaingizwa uwanjani pamoja kupigana na lile pande la mtu linaitwa Theokoles, jeupe kama limepakwa chokaa. Mji wao wa Capua una ukame, midomo imewapasuka watu, maji yanagombaniwa, na Crixus badala ya kushirikiana na mwenzake anataka sifa zote azibebe yeye. Lile jitu linadondoka, watu wanashangilia, linainuka tena. Siku linakatwa kichwa ndio mvua inashuka. Umeme ulikuwa umerudi saa tano usiku na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo kwa sababu kiti kilikuwa na nguo za kupiga pasi, nikajikuta nimesimama. Kuanzia hapo sikulala, niliunganisha mpaka asubuhi.

Sasa mwaka huu nimeirudia yote, episodi 39, na nimegundua kitu ambacho mwanzo sikukiona kwa sababu ya zile damu. Raha ya hii sirizi ni nyumba ya Batiatus, yule bwana anayewamiliki hao wapiganaji, mapanga yanakuja baadaye. Kuna toleo niliwahi kuliona limeingizwa sauti ya Kiswahili, mtafsiri alikuwa anamwita Batiatus "tajiri" tu mwanzo mwisho, na kusema ukweli linamkaa kuliko jina lake, maana jamaa ni tajiri kwa maana ile ya tajiri wa daladala, anadaiwa kila kona lakini mbele za watu lazima avae vizuri, akialika wageni divai ni ya mkopo, halafu hasira zote anakuja kumalizia kwa wale wanaomletea hesabu. John Hannah kaicheza hii nafasi mpaka unajikuta unamuonea huruma mtu ambaye ndiye aliyemuua mke wa steringi. Nasema kweli, nilikuwa nataka mikopo yake ilipike. Na mke wake Lucretia, yule Lucy Lawless tuliyemzoea kwenye Xena, anatabasamu huku anapanga nani afe.

Scene ambayo mpaka leo nikiifikia napozi kwanza ni ya Varro. Varro ni Mroma kabisa, mtu huru, kajiuza mwenyewe kwa sababu ya madeni ya kamari ili mkewe na mtoto wale, na ndiye rafiki pekee wa Spartacus mle ndani. Basi ni bethidei ya mtoto wa mkubwa wa mji, wanawapiganisha wawili hawa kwenye ua mbele ya wageni, kwa mchezo tu, hakuna kufa. Wanapigana huku wanataniana kichinichini, unaona kabisa ni maigizo. Spartacus anashinda. Halafu kale katoto, kwa sababu kuna mwanamke kakanong'oneza mambo yake, kanageuza kidole gumba chini. Pale pale kicheko kinakata. Batiatus mwenyewe hakutaka, Varro ni mali yake, lakini baba wa mtoto ndiye anayemtafuta amshike mkono kwenye siasa, basi, anameza mate anaamuru. Walinzi wamesogea. Varro anaona hakuna njia, wakigoma wanakufa wote wawili, anaushika ule upanga wa mwenzake mwenyewe na kujivuta. Hapo hakuna damu ya kompyuta inayokuchekesha. Kifo cha kamchezo ka mtoto kwenye sherehe, wageni wanarudi kula.

Ndio maana sizoni ya kwanza inapofika mwisho, Spartacus anakanyaga ngao ya Crixus anarukia kule juu kwa wageni, unakuwa umeshavimba muda mrefu. Ile nyumba nzima inageuka machinjio na wewe unashangilia, baadaye ndio unajiuliza mbona umeshangilia hivyo.

Sizoni iliyofuata hadithi yangu ni ndefu kidogo. Nikaenda laibrari ya muvi mtaani, nikampa jamaa flashi aniwekee, nafika nyumbani nafungua naona Spartacus ni mtu mwingine kabisa! Sura nyingine, sauti nyingine, na wenzake wote ni wale wale. Nikarudi usiku ule ule nikamgombeza, kaka umenipa feki nirudishie hela yangu. Jamaa hakubishana, alinitazama tu akasema "dogo, yule wa kwanza amefariki." Nilinyamaza. Andy Whitfield aligundulika ana saratani Machi 2010, sizoni ya kwanza ilikuwa ndiyo inaonyeshwa, na katika kumsubiri apone wakatengeneza Gods of the Arena, episodi 6 zinazoelezea mambo ya nyuma kabla Spartacus hajaja, na mwishowe akafariki Septemba 2011. Sisi tumekua na ile sheria ya utotoni kwamba steringi hafi, kumbe huyu alikufa kweli kweli na sirizi ikaendelea. Nikaomba msamaha nikaondoka na flashi yangu.

Liam McIntyre aliyechukua nafasi simlaumu, kazi aliyopewa ilikuwa ngumu. Lakini Vengeance, hiyo sizoni ya 2012, kwangu ndio ya chini kuliko zote. Wameshatoka kwenye nyumba, wako msituni, wanakimbia wanapigana wanakimbia tena, na tajiri hayupo. Inaokolewa na kuchomwa kwa uwanja wa Capua, na kule mlima Vesuvius walivyoshuka kwa kamba za mizabibu wakawatokea Waroma kwa nyuma. Na hiyo ya kamba sio uongo wa muvi, imo kabisa kwenye historia, jamaa walibanwa juu ya mlima mwaka 73 kabla ya Kristo na ndivyo walivyochomoka. War of the Damned ya 2013 imesimama vizuri zaidi kwa sababu wameleta Crassus, jemedari wa Kiroma, adui mwenye akili, anayefanya mazoezi ya upanga na mtumwa wake kabla hajaenda vitani. Pale anapowaadhibu askari wake waliokimbia, kila kumi mmoja anauawa kwa kupigwa na wenzake tisa, na mtoto wake mwenyewe yumo kwenye kupiga kura, niliacha kula. Hiyo nayo Crassus wa kweli aliirudisha jeshini wakati ilikuwa imeshaachwa siku nyingi.

Wanaosema ni uongo mtupu nawaambia nusu nusu. Mke wa Spartacus kwa Plutarch, yule mwandishi wa kale aliyeandika habari zake, hakuuzwa akaja kufa mikononi mwake, alikuwa naye na alikuwa nabii, ndiye aliyetabiri pale nyoka alipojizungusha usoni kwa mumewe akiwa amelala. Nilipoisoma hiyo ndio nikaelewa ile ndoto ya nyoka mwekundu ya episodi ya kwanza wameitoa wapi, nikawaheshimu kidogo. Ila Oenomaus wa kwenye historia ndio hata hasikiki sana, kumbe huku Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana, kamfanya mkufunzi wa wapiganaji ambaye akishika mjeledi tu unanyoosha mgongo kwenye kochi.

Tahadhari moja, usiangalie sebuleni. Sio damu, damu wazee wanavumilia, ni yale mengine. Watu humo wanaongea biashara wakiwa uchi kama sisi tunavyoongea tumekaa kibarazani, na hayaji kwa kukupa ishara kwamba ukae tayari na rimoti. Mimi shemeji aliingia na sahani ya maandazi wakati mbaya kuliko wote, nikazima TV nikajifanya umeme umekatika, feni inazunguka juu ya kichwa changu.

Kiingereza chao pia kitakusumbua siku za mwanzo, wamekipinda kifanane na Kilatini, maneno madogo madogo wameyanyofoa, weka sabtaito usione aibu. Na mpangilio, anza na ya 2010 ndio uende Gods of the Arena, usifuate wanaosema uanze na ya nyuma, utakuwa umeshajua siri za ile nyumba kabla hujaingia ndani yake.

Nimesikia wametoa ile ya Ashur, yule mtumwa mpambe wa Batiatus, mwishoni mwa 2025, kwamba tuchukulie hakufa Vesuvius na nyumba ya Batiatus kapewa yeye. Yule mnafiki! Nimeanza, nimefika ya pili bando likakata, kesho naweka lingine maana nataka kuona kama kile kiti cha tajiri kinamtosha.