Umeme Kwanza, Pedali Baadaye: Ununue Nini cha Kuwashia Ubao Wako wa Gitaa

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichobaki fundi alipomaliza kabati la jikoni. Juu yake nilipanga pedali tano, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Pembeni kulikuwa na ekstensheni ya matundu sita iliyoweza kubeba adapta tatu tu, maana kila adapta ilikuwa nene kama boflo na ilifunika tundu la jirani yake. Jumapili ya kwanza kanisani, tulipoambiwa tuinamishe vichwa tuombe, spika yangu ikaanza kupiga mluzi mwembamba, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Mpiga kinanda akafumbua jicho moja kunitazama. Wiki ile niliuza pedali moja, na pesa yake nikanunua kitu kisicho na sauti yoyote: chanzo cha umeme.

Tangu hapo kijana akiniuliza anunue dilei gani, yaani pedali ya mwangwi, nami humuuliza ataiwasha na nini. Pedali ya kawaida yenye umeme safi huishinda pedali ya kifahari inayovuma. Wanaopiga rumba na sebene wanalijua hili kuliko wapiga roki: solo yetu ni safi, ya juu, ina mapumziko mafupi katikati, na kabla yake wengi huweka kompresa. Kompresa kazi yake ni kuinua vilivyo chini. Ukinyamaza nusu sekunde, inauinua mvumo.

Soma mgongo wa pedali

Pedali nyingi hutaka volti 9 za mkondo mnyoofu, yaani DC, kupitia tundu la milimita 2.1, na hasi ikiwa katikati. Hapo kwenye hasi ndipo watu wanapounguza vitu. Adapta za ruta na vifaa vingi vya nyumbani zina chanya katikati, na kichwa chake huingia kwenye pedali bila kulazimishwa. Angalia kile kimchoro cha duara chenye alama ya kutoa na kujumlisha. Kama adapta haina mchoro, ipime kwa mita kabla ya kuichomeka.

Kisha tazama miliampea. Pedali huvuta inachohitaji tu, hivyo adapta yenye miliampea nyingi haiidhuru. Kinachoidhuru ni volti zilizozidi. Distoshani ya Boss DS-1, ile ya kukwaruza sauti, huvuta takriban 4, tyuna ya TU-3 ya kupatanishia nyuzi ni kama 30, dilei ya DD-8 ni 65. Ongeza kompresa na korasi, tuseme 20 kila moja kwa ukarimu, jumla haifiki 140. Ukiweka akiba ya nusu yake, bado uko karibu na 210. Kwa hiyo muuzaji anayekushikia adapta ya ampea tano kwa pedali tano ndogo anakuuzia shati la jirani. Mambo hubadilika ukinunua mashine kubwa za kidijitali: Strymon BigSky peke yake hutaka 300, na HX Stomp ya Line 6 huja na adapta yake ya ampea 3. Hiyo iache na adapta yake.

Mitumba ina mitego miwili. Ile dilei kubwa ya kijani ya Line 6, DL4 iliyotoka 1999, hutumia volti 9 za AC, yaani mkondo geu kama wa ukutani, si DC. Na pedali za zamani za Boss zilizoandikwa ACA zilitengenezewa adapta ya aina nyingine. Ukizipa volti 9 za siku hizi taa yake hufifia na sauti huchoka, ukadhani umeuziwa mbovu.

Sasa nipange, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

1. Kisanduku chenye matundu yaliyotengwa

Humu kila tundu lina umeme wake na hasi yake, halishirikiani na lingine. Faida yake utaielewa ukijua mluzi ule wa kanisani ulitoka wapi. Pedali ya kidijitali ina chipu inayovuta umeme kwa mikupuo ya haraka sana. Ikishirikiana waya mmoja na pedali ya kukwaruza sauti, mikupuo ile hupita kwenye hasi ya pamoja, huingia kwenye njia ya gitaa, kisha distoshani huikuza mara mia. Zaidi ya hapo, pedali zako tayari zimeungana hasi kwa waya za sauti. Ukiziunganisha tena kwa waya wa umeme umetengeneza mzunguko, nao mzunguko huo hudaka mvumo wa hewani kama antena. Kisanduku kilichotengwa huukata mzunguko.

Kwa ubao wa nyumbani, matundu matano yanatosha. Strymon Ojai ina matano ya miliampea 500 kila moja, Cioks DC7 ina saba, Truetone CS7 nayo saba. Bei zake zinauma, hazina tofauti kubwa na bei ya pedali mpya moja au mbili, na ndiyo maana watu huziruka. Mimi ningeiruka pedali.

Ukiagiza kupitia ndugu aliyeko Marekani, mwambie asome kibandiko nyuma. Baadhi ya visanduku vyenye transforma nzito, kama matoleo ya huko ya Voodoo Lab Pedal Power 2 Plus, vimetengenezwa kwa volti 120. Kwenye soketi yetu kitatoa moshi kabla hujapiga nota. Unataka kilichoandikwa 100–240V.

2. Adapta moja nzuri na waya wa matawi

Hapa ndipo wengi wetu tunapaswa kuanzia, na si aibu. Adapta kama Truetone 1 SPOT hutoa miliampea 1700, inakubali volti 100 hadi 240, na waya wake wa matawi huwasha pedali zote kwa mkupuo. Ukiwa na pedali nne za analogi, zisizo na chipu ya kidijitali, hutasikia tofauti yoyote na kisanduku cha bei mbaya.

Siku utakapoongeza dilei ya kidijitali na mluzi ukaanza, usiitupe adapta. Ipe dilei adapta yake peke yake, zile nyingine ziendelee kwenye matawi. Mara nyingi mluzi unaisha hapo hapo, kwa gharama ya adapta moja ya volti 9. Wenye TU-3 wana njia nyingine: tyuna hiyo ina tundu la kutolea umeme hadi miliampea 200, hivyo unahitaji waya wa matawi tu.

3. Betri ya volti 12 na mkono wa fundi redio

Kama kwenu umeme hukatika kila siku, au mnapiga kwenye mikutano ya hadhara kwa jenereta, hii ipandishe iwe ya kwanza. Betri ndogo ya UPS, volti 12 na ampea-saa 7, ni kitu cha kawaida madukani, Kariakoo au Luthuli Avenue. Mpelekee fundi na umwambie: "Fundi, naomba regyuleta ya 7809, fyuzi kwenye waya wa betri, kapasita mbili na kipande cha alumini cha kupozea." Ataelewa. Hiyo 7809 hushusha volti 12 hadi 9 bila kukatakata umeme, kwa hiyo haina kelele yake yenyewe, tofauti na vigeuzi vya bei rahisi. Kiwango chake ni ampea moja. Kwa miliampea 400 itatoa joto la karibu wati moja na nusu, ndiyo sababu ya ile alumini.

Kwa mzigo huo huo wa 400, betri ya 7 ingedumu saa 17 kwa hesabu ya darasani. Betri ya risasi haipendi kukamuliwa, hivyo hesabu saa nane na uirudishe kwenye chaji. Usiichaji huku unapiga, chaja nyingi zinavuma. Na ujue kwamba matundu yote hapa bado yanashirikiana hasi, kwa hiyo ugomvi wa pedali ya kidijitali na distoshani unaweza kubaki. Kinachoondoka kabisa ni uchafu wa ukutani, wa jenereta, na wa zile inveta za bei poa ambazo umeme wake una pembe kama tofali.

Mvumo wa ukutani utautambua kwa sikio. Umeme wetu ni hezi 50. Ukipita kwenye adapta mbovu hutoka ukiwa 100. Piga waya mnene wa gitaa kwenye freti ya tatu: hiyo G ni hezi 98. Kama spika inakuvumia nota iliyo juu kidogo tu ya G hiyo, lawama ni ya adapta.

4. Pawabenki

Inafaa kwa pedali mbili tatu za mazoezi chumbani. Utahitaji waya wa kupandisha volti 5 za USB hadi 9, ambao mara nyingine una mluzi wake, au waya unaoiomba pawabenki ya kisasa itoe 9 yenyewe. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 ikishapoteza kidogo njiani huipa pedali za miliampea 300 kama saa 11. Ila nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, zikidhani simu imejaa. Ukiwasha DS-1 peke yake unaweza kukatiwa katikati ya wimbo.

5. Betri za mstatili za volti 9

Safi kuliko vyote, na ghali kuliko vyote ukijumlisha mwaka. Betri nzuri ya alkalaini ina takriban miliampea-saa 500: kwa DS-1 ni zaidi ya saa mia, kwa DD-8 hazifiki nane. Kumbuka kuchomoa jeki ya upande wa gitaa, kwani pedali huendelea kula betri hata taa ikiwa imezimwa. Fazi za kale, pedali za kukwaruza zenye transista za jemaniamu, ndizo ninazoziwekea betri bila kubishana. Nyingi zimegeuzwa hasi na chanya, na ukizichomeka kwenye waya wa matawi pamoja na wenzake umepiga shoti.

Usivyopaswa kununua kabisa ni vile visanduku vyembamba vya matundu kumi vilivyoandikwa kwamba vimetengwa huku ndani ni waya mmoja uliogawanywa mara kumi. Havina kosa kama umelipia bei ya waya wa matawi. Kosa ni kulipia zaidi. Nenda dukani na mita. Kisanduku kikiwa hakijachomekwa ukutani, weka mita kwenye mlio, ingiza ncha moja ndani ya plagi ya waya mmoja na ncha nyingine ndani ya plagi ya pili. Ikilia, hakijatengwa. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya muuzaji, akaniambia mita yangu ndiyo mbovu.

Ubao wenyewe

Huku okoa pesa. Mbao za dukani za Pedaltrain ni nzuri na nyepesi, lakini seremala wa mtaani atakutengenezea kwa vipande vya mbao kichanja kama cha kuanikia vyombo: fito tatu au nne, nafasi ya vidole viwili kati yake ili waya zipite, nyuma pameinuka kidogo. Pedali ndogo ya Boss ina upana wa milimita 73 na urefu wa 129, kwa hiyo ubao wa sentimita 50 kwa 30 hubeba tano mbele na kukuachia sehemu ya nyuma. Usichague mninga kwa ajili ya uzuri. Utaubeba kwenye bodaboda. Pedali zishike kwa velkro, ile mikanda ya kunatana wanayotumia mafundi wa mabegi.

Waya fupi za kuunganishia nunua zenye jeki za chuma, zile za plastiki zisizofunguka zikikatika huwezi kulehemu upya. Kama hesabu yote inakushinda, Boss GT-1 au Zoom G1X Four zina karibu kila sauti ndani ya mashine moja na zinatumia betri nne za AA. Rafiki zangu wawili wamehamia huko na wanapiga vizuri tu.

Jambo moja halina nafasi kwenye orodha. Umeme wa ukutani usiuingize ndani ya ubao wa mbao. Adapta ibaki chini, kwenye ubao zifike volti 9 tu. Na yule atakayekushauri ukate pini ya erthi ya amplifaya ili mvumo uishe, au ulazimishe plagi ya pini mbili kwa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu, usimsikilize. Nyuzi za gitaa lako zimeungana na chuma cha amplifaya. Erthi ikikosekana na amplifaya ikavuja, mkono wako uko kwenye nyuzi na mdomo uko kwenye maikrofoni ya mfumo mwingine. Nimemwona mwimbaji akirushwa nyuma namna hiyo, meno yakigongana. Mvumo unaoisha kwa kukata erthi utafutie dawa kwenye namba moja hapo juu, au chomeka amplifaya na mikisa kwenye ekstensheni moja yenye erthi kabla ya kununua chochote.