Agano Jipya na Zaburi la mfukoni: nilivyolitumia wodini

Nakala ninayoipitia hapa ni ile ndogo ya tafsiri ya Union Version, yenye vitabu 27 vya Agano Jipya na Zaburi zote 150, niliyoinunua katika duka la vitabu vya Kikristo jijini Dar es Salaam siku mbili kabla mama yangu hajafanyiwa upasuaji wa tumbo. Niliichagua kwa sababu iliingia katika mfuko wa shati, nami nilijua kwamba Biblia nzima ingebaki nyumbani siku ambayo ningeihitaji zaidi.

Nianze na kasoro. Maandishi ni madogo mno kwa mtu aliyevuka miaka hamsini, na karatasi ni nyembamba kiasi kwamba maneno ya upande wa pili huonekana ukisoma kwa tochi ya simu, jambo ambalo wodini haliepukiki kwa kuwa taa huzimwa mapema. Kitabu cha Ayubu hakimo, wala Maombolezo, na aliye katika dhiki atavikosa vyote viwili. Lugha nayo ni ya mwaka 1952, tafsiri hii ilipotolewa ili kuunganisha zile za Kimvita na Kiunguja. Nilipofika katika Zaburi ya 23 na kusoma kwamba gongo la Bwana linafariji, mgonjwa wa kitanda cha jirani aliangua kicheko, akasema kwamba mumewe naye anafarijiwa na gongo kila Jumamosi. Mama alicheka hadi akashika tumbo, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu alazwe.

Kinachonifanya nikipende kitabu hiki ni kwamba Zaburi na Injili vimewekwa katika jalada moja, mpangilio ambao nilidhani ni wa kubana gharama tu. Usiku wa kuamkia upasuaji, mama aliniomba nimsomee Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho kuitazama milima, kisha akanyamaza. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi naogopa, na ninaona aibu kuogopa wakati nimeokoka." Sikuwa na jibu. Nilifungua Marko sura ya 14, mahali ambapo Yesu mwenyewe anafadhaika Gethsemane na kuomba kikombe kimwondokee, kisha nikarudi kwenye Zaburi ya 22, ambayo maneno yake ya kwanza ndiyo anayoyalia msalabani. Kazi ya kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine ilichukua nusu dakika. Tuliomba baada ya hapo, kwa mara ya kwanza bila kujifanya majasiri.

Programu za simu zinazotuma aya moja kila asubuhi nimezitumia kwa muda mrefu, na sizidharau, ila zile nilizozitumia mimi huchagua matamu peke yake. Hakuna hata moja iliyowahi kunitumia Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani pasipo mstari hata mmoja wa kushukuru. Wala haziwezi kukuonyesha kwamba Zaburi ya 91, ambayo wengi wetu tunaibandika juu ya mlango kama hirizi, ndiyo Shetani aliyoinukuu katika Mathayo sura ya 4 alipomtaka Yesu ajitupe chini. Kitabu kizima, hata kikiwa kidogo, kinamlazimisha msomaji apite kwenye mabonde pia.

Nikiwa nasubiri nje ya chumba cha upasuaji, nilimkumbuka Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuwazika mkewe Rosine na binti yao mchanga mwaka huohuo. Mwaka huohuo pia alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Tafsiri niliyoishika si yake, lakini ilinituliza kujua kwamba kazi ya kuyaweka maneno haya katika lugha yetu ilianzishwa na mtu aliyekuwa na makaburi mawili, ambaye kuomba kwake hakukumwondolea msiba.

Ninaipendekeza nakala hii kwa anayeuguza na anayesafiri. Mwenye macho dhaifu atafute ya maandishi makubwa, na anayetaka kusali na Ayubu anunue Biblia kamili, avumilie uzito. Yangu sinayo tena. Mama alirudi nyumbani nayo na amekataa kuirudisha, ingawa hawezi kuisoma bila miwani, na pembeni mwa Zaburi ya 88 ameandika kwa penseli tarehe ya upasuaji wake.