Hekalu la Isis, Philae (Aswan, Misri): nyota nne, ila saa moja haitoshi

Wageni wengi hupelekwa Philae kwa muda wa saa moja hivi. Boti inafunga, kiongozi anasimulia jinsi Osiris, mume wa mungu mke Isis, alivyokatwa vipande 14 na nduguye Seth, picha mbili tatu mbele ya nguzo, kisha haya, twende. Kwa ziara ya namna hiyo, nauli ya kwenda Aswan ni hasara. Philae si kubwa wala si kongwe, na hekalu la Karnak kule Luxor linalishinda kwa yote mawili. Linachokupa, na hutakipata kwingine, ni kuta zinazoonyesha dini ya miungu ya Misri ikififia hatua kwa hatua mpaka kuhani wa mwisho kuandika kwa hieroglifu, maandishi ya picha ya Misri ya kale, alipoweka chini patasi yake. Ukijua pa kutazama, saa mbili na nusu zitapita kama mchezo.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Gati liko Shellal, kusini mwa mji wa Aswan, katikati ya mabwawa mawili: la zamani lililojengwa na Waingereza na kukamilika 1902, na Bwawa Kuu lililokamilika 1970. Patana na dereva wa teksi akungoje, kwa sababu usafiri wa kurudi kutoka gatini ni wa kubahatisha. Tiketi ya hekalu inakatwa dirishani. Siku hizi madirisha mengi ya mambo ya kale Misri hayapokei fedha taslimu kutoka kwa wageni, kwa hiyo shika kadi ya benki, na uhakikishe mapema kwamba benki yako imeifungulia matumizi ya nje ya nchi. Bei hupandishwa mara kwa mara, basi usitegemee takwimu za miaka miwili iliyopita.

Boti haimo kwenye tiketi. Hulipwa taslimu kwa nahodha, na bei ni ya chombo kizima, si ya kila kichwa. Aliye peke yake aungane na wengine pale dirishani kabla ya kushuka gatini, kwa kuwa huko chini kila nahodha atamvuta upande wake. Maliza mambo manne kabla hujatia mguu botini: bei yote ya kwenda na kurudi, sarafu ipi, muda wa kungoja, na kwamba malipo ni mkirudi. Sarafu itajwe kwa jina lake, pauni ya Misri, kwa sababu “mia mbili” tupu ina tabia ya kugeuka kuwa dola mkiwa katikati ya maji. Kuhusu muda, nahodha akiachwa bila kuambiwa atahesabu saa moja. Mwambie saa mbili na nusu tangu mwanzo, hata akiongeza kidogo. Ukimpa fedha zote wakati wa kwenda, hana sababu ya kukungoja.

Hekalu hufunguliwa saa 1 asubuhi. Nenda saa hiyo. Kiangazi Aswan hupita nyuzi 40 za joto, na uwanja wa mbele hauna kivuli cha maana. Jambo lingine ni mwanga: michongo mingi ya nje haina kina kirefu, na jua la mchana likiiangaza kutoka juu moja kwa moja inapotea kabisa, huku jua la asubuhi linalokuja ubavuni likiinyanyua. Ndani ni hivyo hivyo. Chukua tochi au tumia simu, lakini ishike karibu na ukuta, mwanga uteleze juu ya jiwe. Ukimulika kutoka mbele utaona ukuta mtupu na kudhani umedanganywa.

Kisiwa utakachokanyaga si Philae. Ni Agilkia, jirani yake. Tangu bwawa la 1902, maji yalikuwa yakilifunika hekalu sehemu kubwa ya mwaka, na kila bwawa lilipoongezwa kimo yalizidi kupanda, hadi watalii wakawa wanapiga makasia katikati ya vichwa vya nguzo. Bwawa Kuu lilipokuja, kisiwa cha asili kilizungushiwa ukuta wa chuma, maji yakapampwa nje, na kati ya 1972 na 1980 jengo likabomolewa jiwe kwa jiwe, kila jiwe na namba yake, likasimamishwa upya Agilkia, ambayo ilichongwa ifanane na umbo la Philae. Kazi ilifanywa vizuri mno kiasi kwamba mtu asiyeambiwa hagundui. Ila maji yalichukua rangi. Wasafiri wa karne ya 19 waliziona zingali mbichi, leo zimebaki alama chache tu na mistari ya maji ukutani. Mwenye kiu ya rangi aende kwenye mahekalu ya Dendera au Esna. Hapa atasononeka bure.

Ukishuka utakuwa upande wa kusini, kwenye kibanda cha Nectanebo I, farao wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ambacho ni sehemu kongwe kabisa iliyosimama. Nguzo za upande wa magharibi kila moja ina kichwa chake tofauti: mafunjo, makuti, mayungiyungi. Lakini usizipite nguzo za mashariki kwa haraka. Vichwa vyake vingi havikumaliziwa, vimebaki magogo ya mawe yenye umbo la kukadiria, na hapo ndipo unapojifunza namna walivyofanya kazi: jiwe liliinuliwa likiwa ghafi, likachongwa likiwa juu. Ndiyo maana nakshi zao hukutana sawasawa kwenye maungio.

Lango kubwa la kwanza lina kimo cha mita 18 na upana wa mita 45. Mtu mkubwa anayewashika maadui nywele na kuinua rungu ni Ptolemaio XII, baba yake Kleopatra. Yeye ni Mgiriki kwa ukoo, naye anafanya kitendo ambacho mafarao walichorwa wakikifanya miaka 3,000 kabla yake. Kuta hazikujali ametoka wapi, ilimradi mfalme atimize wajibu wa kuwazuia wavurugaji na kulisha miungu. Katika njia ya lango kuna maandishi ya askari wa Napoleon ya mwaka 1799, makubwa na yenye majivuno. Mengi ya maumbo ya hapa yamedonolewa kwa patasi usoni, mikononi na miguuni. Hiyo ni kazi ya Wakristo wa baadaye, na ina mantiki yake: kwa imani ya Kimisri sanamu huona, hula na hutembea, hivyo aliyeidonoa aliamini kwamba anainyima nguvu hizo. Asiyeamini chochote asingejisumbua kupanda ngazi.

Hapa utahitaji kutambua nani ni nani, na vibao vya maelezo vilivyopo havikusaidii sana, jambo lililonifanya nipunguze nyota moja. Isis na mungu mke mwenzake Hathor wote huvaa pembe za ng’ombe zenye gurudumu la jua katikati, na hata viongozi huwachanganya. Usitazame taji, tazama jina lililoandikwa mbele ya uso: la Isis lina alama ya kiti cha enzi, la Hathor ni kozi ndani ya boma la mraba. Osiris amefungwa sanda, ameshika fimbo iliyopinda na mjeledi. Horus, mwana wa Isis na Osiris, ana kichwa cha kozi. Akiwa mtoto, huwa uchi na kidole mdomoni. Mwenye kichwa cha kondoo dume ni Khnum, bwana wa maporomoko ya Aswan, anayewafinyanga watu kwa gurudumu la mfinyanzi.

Ukiingia uwanja wa pili, upande wa kushoto ni nyumba ya uzazi. Mahekalu mengi makubwa ya enzi za Waptolemaio, ukoo huo wa wafalme wa Kigiriki, yalikuwa nayo, mahali pa kusherehekea kuzaliwa kwa mungu mtoto, na kupitia yeye, uhalali wa mfalme. Zunguka hadi ukuta wa nyuma: Isis anamnyonyesha Horus kwenye kichaka cha mafunjo, alikomficha ili Seth asimwone. Wengi hupita mlangoni na kuendelea.

Sasa ukumbi wa nguzo 10 baada ya lango la pili. Hapa punguza mwendo. Misalaba imechongwa nguzoni na milangoni kwa ustadi, si kwa hasira. Ukumbi huu ulikuwa kanisa la Mtakatifu Stefano, na maandishi ya Kigiriki yanamsifu Askofu Theodoro kwa kazi njema. Mengine yanatangaza kwamba msalaba umeshinda, na hushinda daima. Hiyo ni karne ya 6, baada ya Kaisari Justiniano kuamuru hekalu lifungwe, kati ya 535 na 537: makuhani wakatiwa ndani, sanamu zikapelekwa Konstantinopoli. Viongozi wengi husimulia kana kwamba Ukristo ulifika siku hiyo. Si kweli. Philae palikuwa na askofu tangu karne ya 4, na kwa vizazi kadhaa dini mbili ziliishi pamoja kwenye kisiwa kimoja kidogo. Waliolilinda hekalu ni Wablemi na Wanoba wa kusini: katika mkataba wa amani wa miaka ya 452 na 453, Roma iliwakubalia waendelee kuja kumwabudu Isis, hata kumwazima. Sanamu yake ilisafirishwa kwa mashua hadi kwao ili waiulize mambo yao, kisha ikarudishwa.

Patakatifu pa ndani ni padogo na penye giza. Kilichobaki ni kijiwe cha kuwekea mashua takatifu ya Isis, chenye majina ya Ptolemaio III na mkewe Berenike. Chumba cha Osiris juu ya paa mara nyingi hufungwa. Mlinzi akikuita pembeni akionyesha ufunguo, ni bakshishi anayoitaka. Uwe na noti ndogo, na usilipe kabla hujaona.

Kisha toka upande wa magharibi, uende kwenye lango la Hadrian, Kaisari wa Roma. Kama una nusu saa tu kisiwani, itumie yote hapa. Kwanza mtafute Hapi, roho ya mafuriko, mwenye matiti yaliyolala na kitambi, amechutama pangoni chini ya rundo la majabali akimimina maji kutoka mitungi miwili, na nyoka amemzunguka pande zote. Hiyo ndiyo ramani yao ya chanzo cha Nile: mto ulitoka kwenye pango, hapa hapa Aswan. Msomaji wa Jinja atatabasamu. Lakini walichokuwa wakikihesabu ni mafuriko, na hayo kweli hayakutoka Ziwa Victoria, bali kwenye mvua za nyanda za juu za Ethiopia.

Pili, amri ya Abaton, yaani mahali pasipokanyagwa. Ng’ambo ya maji ni kisiwa cha Biga, walipoamini Osiris amezikwa. Isis alivushwa kwenda huko kila siku ya kumi kumfanyia mumewe tambiko la maziwa. Amri inakataza kukanyagwa kisiwa hicho, kuvua samaki na kunasa ndege karibu nacho, kupiga tari, kinubi au zumari, na kupaza sauti siku takatifu.

Tatu, karibu na umbo la Mandulis, mungu wa jua wa Wanubi, tafuta hieroglifu hafifu zilizochongwa ovyo. Nesmeterakhem, kuhani wa pili wa Isis, aliziandika tarehe 24 Agosti 394, miaka michache baada ya Kaisari Theodosio kupiga marufuku matambiko. Hakuna hieroglifu zenye tarehe zilizo baada yake popote Misri. Chini yake ameongeza maneno kwa demotiki, mwandiko wa mkato, na mwaka ameuandika 110, akihesabu tangu Kaisari Diocletian alipoanza kutawala. Wakopti wanaotumia hesabu hiyo hiyo hadi leo huiita kalenda ya mashahidi, kwa sababu Diocletian ndiye aliyewatesa. Demotiki ya mwisho nayo iko kisiwani humu, ya Desemba 452. Ukitaka kumpima kiongozi kabla ya kumwajiri, muulize: maandishi ya 394 yako ukuta gani? Akianza kukusimulia habari za Kleopatra, mshukuru na uende peke yako.

Vilivyobaki havihitaji muda. Hekalu dogo la Hathor, mashariki, ni la furaha: Bes, kibeti mwenye matege, anapiga tari na kinubi, na nyani anapiga ala iliyo ndugu wa gambusi. Ndipo walipomtuliza Hathor aliporudi kutoka Nubia na hasira zake za simba jike. Kibanda cha Trajan, Kaisari mwingine wa Roma, chenye nguzo 14 ndicho kilicho kwenye kadi zote za posta, lakini kati ya kuta zake za chini ni mbili tu zilizochongwa. Piga picha, endelea. Aliyevutiwa na Mandulis atafute hekalu lake la Kalabsha, ambalo nalo lilihamishwa na sasa liko karibu na Bwawa Kuu.

Maonyesho ya usiku ya sauti na mwanga yana tiketi yake na boti yake, na sioni sababu ya kuyalipia mara mbili. Taa za rangi zinaua michongo, na huruhusiwi kubaki mbele ya ukuta unaoutaka. Isitoshe, ni vipaza sauti vinavyonguruma ng’ambo ya Abaton.

Wakati wa kurudi mwombe nahodha azunguke upande wa Biga badala ya kukata moja kwa moja hadi gatini. Liingize hilo kwenye mapatano ya mwanzo, kwa maana likiombwa baadaye lina bei yake. Wenyeji wengine watakuambia kisiwa ni cha Anas al-Wujud, mpenzi wa kwenye Alfu Lela U Lela, na majumba haya yalikuwa kasri la mchumba wake. Mkifika mbele ya Biga, mwambie azime injini kwa dakika mbili.