Betri za Tochi ya Mfukoni: Kubadilisha kwa Ratiba au Kusubiri Mwanga Ufifie?

Kwa gharama, anayesubiri ndiye anayeshinda, kwani mwenye kubadilisha kila baada ya miezi 6 huondoa betri ambazo bado zingeendesha saa ya ukutani kwa muda mrefu.

Kwa upande wa kutegemewa, hali hugeuka. Tochi nyingi za LED zenye saketi ya kudhibiti umeme hazififii polepole, bali hushikilia mwangaza uleule kisha hushuka ghafla, hivyo dalili inayosubiriwa huenda ikaja mtu akiwa tayari gizani. Tena betri ya alkali iliyoishiwa nguvu huvuja kwa urahisi zaidi, na ule ukoko mweupe unaoganda kwenye springi hula chuma hadi tochi nzima ikaharibika. Hasara hiyo, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno.

Kimatunzo, ratiba huhitaji kumbukumbu tu, ilhali kusubiri hudai kipima volti: betri mpya ya alkali husoma volti 1.5 au zaidi kidogo, na ikifika 1.2 imekaribia kwisha.

Mlinzi wa usiku afuate ratiba. Anayewasha tochi kila siku, akiwa na betri za akiba mfukoni, anaweza kusubiri bila wasiwasi, mradi azibadilishe zote kwa pamoja.