Miezi 14 na betri ya lithiamu dukani kwangu Ruangwa

Nina duka la vinywaji pembezoni mwa mji wa Ruangwa, mkoani Lindi, na friji yangu inategemea sola. Zamani nilitumia betri za maji, ambazo kila baada ya miaka miwili zilikuwa zimechoka kiasi kwamba alfajiri soda zilikuwa vuguvugu. Fundi aliponishauri ninunue betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma, ya volti 12.8 na ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), nilisita, kwa kuwa bei yake ilikaribia mara tatu ya ile niliyoizoea.

Betri ya zamani ilishushwa na watu wawili. Hii, yenye kilo 11, niliibeba mwenyewe kutoka kwenye bodaboda. Betri ya maji, ambayo ndani ina madini ya risasi, huharibika mapema chaji yake ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo katika ampea-saa 100 nilikuwa natumia 50 tu, ilhali hii naishusha hadi ibaki asilimia 20 na friji haizimi usiku. Fosfati iliyo upande wa chanya hushikilia oksijeni yake kwa nguvu, ndiyo maana aina hii haishiki moto kirahisi kama lithiamu zenye kobalti. Upande wa hasi ni kinywe, madini yaleyale yanayochimbwa hapahapa wilayani kwetu, ingawa betri yenyewe imetoka China.

Lawama yangu ni kwa muuzaji. Wiki ya kwanza betri ilijizima saa saba mchana, jua likiwa kali, nami nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe kontrola ya chaji, kifaa kinachosimamia umeme wa sola unaoingia kwenye betri, ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wa betri za maji, ambao mara kwa mara hupandisha umeme hadi karibu volti 15, wakati betri hii haitaki kuvuka 14.6, hivyo saketi ya ulinzi iliyomo ndani ikakata. Marekebisho yalikuwa ni kubonyeza kitufe kimoja, jambo ambalo hakunieleza aliponipa risiti.

Kero iliyobaki ni usomaji wa chaji. Volti za betri hii hukaa karibu palepale, 13.2 au 13.1, kisha huporomoka ghafla mwishoni, kwa hiyo taa tatu za kontrola, zinazokisia chaji kwa kusoma volti, hazinisaidii lolote. Nimelazimika kununua kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, na sasa kila jioni nakisoma kabla ya kufunga duka.